Baada ya Kimbunga, Tuanze na Paa la Nani?

Ndugu msikilizaji, methali ya ufa na ukuta sote twaijua. Leo tuzungumze habari ya ukuta ambao umekwisha anguka.

Wako wasemao kwamba vimbunga si vya pwani yetu. Ni kweli huku ni nadra, kwa kuwa karibu na Ikweta upepo haupati nguvu ya kutosha ya kuzunguka. Lakini nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Aprili 1952 kilipiga Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kiliingia Mafia. Basi sisi wa kutoka Jasini hadi Mkwaja tusijipe hakika.

Kila mara twaambiwa namna ya kujiokoa, na ni sawa, roho kwanza. Ila kesho yake jua huwaka, na mwenye nyumba husimama uani, bati limekwenda, hajui aanzie wapi. Matengenezo ya nyumba hupangwa kabla upepo haujavuma.

Kwanza, karatasi. Hati ya kiwanja, au ile ya mauziano, ifungwe mahali pasipoingia maji, na nakala ikae kwa ndugu aliye mbali na bahari. Mjane aliyepoteza nyumba na karatasi pamoja, mashemeji huja kumpimia kiwanja.

Pili, picha. Nyumba ipigwe picha leo, ingali nzima, ziwe ushahidi wa hasara. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mjue wa kwenu ni nani.

Tatu, akiba: turubai, kamba, nyundo, misumari ya bati na dawa ya kutibu maji ya kisima. Siku ile dukani msumari utakuwa adimu, na fundi atakuwa juu ya paa lake mwenyewe. Majirani wapatane mapema: la mgonjwa na mwenye kichanga litangulie.

Nne, subira. Ukuta wa udongo uliolowa uachwe ukauke. Ukikandikwa ungali na maji, fito huoza ndani kwa ndani. Na waya wa umeme ulioanguka asiuguse mtu.

Swali la paa la nani, ndugu msikilizaji, lijibiwe barazani jioni hii, bahari ingali shwari.