Kiwanja Chenye Mandhari ya Kilima: Yakuhakikiwa Kabla ya Kulipa

Anayehamia Kagongwa kwa biashara ya mpunga, au kwa kazi zinazofuata migodi ya dhahabu ya Kahama na Geita, huenda akaanza kwa kupanga chumba karibu na barabara kuu, kisha akatamani kiwanja cha nje ya mji, penye nafasi, upepo na kilima mbele ya baraza. Nchi hii ni tambarare. Kinachoitwa mlima aghalabu ni kilima cha miamba kinachochomoza katikati ya mashamba. Jioni hupendeza mno, na madalali wanalijua hilo.

Swali la kwanza lisiwe bei, bali aina ya ardhi. Kata ya Kagongwa imo katika Manispaa ya Kahama, na taarifa za viwanja vilivyopimwa huhakikiwa katika ofisi ya ardhi ya Manispaa. Ukiingia kijijini, hutumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Huko mnunuzi hutakiwa kuwa raia anayeishi au anayekusudia kuishi au kufanya kazi kijijini hapo, na uhamisho wa haki huhitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini. Omba kuonyeshwa muhtasari wa kikao kilichojadili ombi hilo.

Jambo linalowaponza wageni zaidi ni mteremko ulio wazi chini ya kilima. Huenda ni ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa masika ili nyasi zitunzwe kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kurejesha ngitili nyingi. Zipo za familia, na zipo za kijiji kizima. Hizi za kijiji hazina mtu mmoja awezaye kuziuza, hata kama babu yake alichunga hapo. Anayezuru wakati wa mvua huona pori lisilo na mwenyewe. Akirudi kiangazi hukuta ng'ombe wa kijiji mlangoni pake, nao wana haki kuliko yeye. Kwa hiyo fika mara mbili, na uzungumze na wafugaji na wazee wa jirani bila dalali kuwapo.

Kilima chaweza pia kuwa na dhahabu. Madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na hati ya ardhi haizuii leseni ya madini kutolewa juu ya eneo hilo. Sheria ya Madini humtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa. Hata hivyo, ridhaa ikikataliwa bila sababu ya msingi, Waziri anaweza kuliondoa sharti hilo. Chukua vipimo vya mahali kiwanja kilipo, uvipeleke kwa Afisa Madini Mkazi, uulize kama pana leseni au maombi.

Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi. Malipo yapitie benki, kwa jina la muuzaji mwenyewe, baada ya idhini kutolewa. Ukiambiwa kuwa mnunuzi mwingine yuko njiani na fedha taslimu, mwache anunue.