Mpango wa Kumwokoa Nyangumi Mweusi
Nyangumi mweusi asiye na pezi la mgongoni, aishiye pwani za Marekani na Kanada katika Atlantiki ya Kaskazini, aliwindwa kwa karne nyingi kwa ajili ya mafuta yake. Huogelea polepole, na akifa huelea. Mwaka 1935 mataifa yalipiga marufuku kumwinda. Hata hivyo leo wamesalia chini ya 400. Wauaji wa sasa ni meli zimgongazo na kamba za mitego ya kaa zimnasazo.

Kwa hiyo Serikali ya Marekani ilitoa mpango wa kumwokoa mwaka 1991, ukarekebishwa mwaka 2005. Kanada ilisogeza njia za meli katika Ghuba ya Fundy mwaka 2003. Mwaka 2008 Marekani iliamuru kwamba meli zenye urefu wa mita 20 hivi au zaidi, katika sehemu na majira maalumu, zisizidi mwendo wa maili 10 za baharini kwa saa. Wavuvi nao walitakiwa kutumia kamba dhaifu, ambazo nyangumi aweza kuzikata.

Jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Majike wazaao hawazidi sana 70. Basi kila jike aokolewaye ni ukoo mzima uliookolewa.