Hewa Mbili za Jiko la Makaa

Watu wakaao Kitale wajua sana baridi ya usiku. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na katika mwezi wa Julai, mvua ikiisha kunyesha jioni, wengi huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango na madirisha, kisha hulala. Bungoma kuna joto zaidi, kwa kuwa nchi ile iko chini kuliko Kitale, lakini huko pia jiko huingizwa ndani siku za mvua.

Katika makaa hayo hutoka hewa mbili. Moja huitwa kaboni dioksaidi, na ya pili huitwa kaboni monoksaidi. Ya kwanza ndiyo hewa tuitoayo sisi sote kila tunapopumua, na ikiwa kidogo haimdhuru mtu. Ya pili huua. Majina yake yanakaribiana mno hata msikilizaji aweza kudhani ni kitu kimoja, lakini sehemu ndogo iliyo katikati ya jina, yaani "di" au "mono", ni hesabu. Hesabu hiyo hufundishwa watoto wetu katika shule za sekondari, na yafaa wazazi nao waielewe.

Vitu vyote vimefanywa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Ndani ya kila atomu mna kiini, na kukizunguka kiini hicho mna chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Elektroni zilizo upande wa nje ndizo zinazoamua jinsi atomu itakavyoungana na nyingine. Atomu nyingi hutulia zikiwa na elektroni nane upande wa nje. Hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, hutulia ikiwa na mbili. Kaboni ina nne za nje, kwa hiyo imepungukiwa nne. Oksijeni ina sita, kwa hiyo imepungukiwa mbili. Hidrojeni ina moja, nayo imepungukiwa moja.

Je, atomu iliyopungukiwa hufanya nini? Mkulima wa Bungoma ataelewa upesi. Tuseme majirani wawili wana ng'ombe dume mmoja mmoja, na jembe la kukokotwa lataka jozi. Kila mmoja akikaa peke yake, shamba lake halitalimwa. Lakini wakifunga ng'ombe wao wawili katika nira moja, mashamba yote mawili yatalimwa, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Atomu nazo hufanya hivyo. Kila moja hutoa elektroni moja, na jozi ile huwa mali ya zote mbili. Ushirika huo wa jozi huitwa muungano wa kovalenti, na atomu zilizoungana hivyo huitwa molekuli. Mtaalamu wa Kimarekani Gilbert Lewis ndiye aliyeeleza jambo hili la jozi katika mwaka wa 1916.

Tutazame maji. Oksijeni yataka elektroni mbili, na kila hidrojeni yataka moja. Basi hidrojeni mbili hushirikiana na oksijeni moja, kila moja kwa jozi yake, nasi tunapata molekuli ya maji, ambayo vitabuni huandikwa H₂O. Pengine jozi moja haitoshi. Katika hewa tunayovuta, atomu mbili za oksijeni hushirikiana jozi mbili, kama majirani wafungao ng'ombe wanne katika jembe moja.

Sasa tuje kwenye majina. Elementi zile zile zaweza kuungana kwa hesabu mbalimbali, na kila hesabu hufanya kitu kingine kabisa. Kwa hiyo wataalamu wa kemia waliona kwamba haitoshi kutaja elementi tu. Hapana budi kutaja na idadi. Walichukua maneno ya hesabu kutoka Kiyunani: mono ni moja, di ni mbili, tri ni tatu, tetra ni nne, penta ni tano. Elementi ya kwanza hutajwa kwa jina lake, na ya pili hubadilishwa mwisho wake uwe "aidi": oksijeni huwa oksaidi, klorini huwa kloraidi. Neno la hesabu hutangulia jina la elementi, ila ile ya kwanza ikiwa na atomu moja tu, "mono" haisemwi. Basi kaboni iliyoungana na klorini nne huitwa kaboni tetrakloraidi. Nitrojeni mbili zilizoungana na oksijeni moja huitwa dinitrojeni monoksaidi, nayo ni hewa itumiwayo hospitalini kupunguza maumivu. Nitrojeni moja yenye oksijeni mbili huitwa nitrojeni dioksaidi, nayo ni hewa ya rangi ya kahawia inayochoma mapafu. Daktari akikosea hesabu hapo, amekosea dawa na sumu.

Kanuni hii ya kuhesabu ni ya vitu vilivyoungana kwa kushirikiana elektroni. Chumvi ya mezani si hivyo, kwa maana ndani yake atomu moja humpa mwenziwe elektroni moja kwa moja. Kwa hiyo huitwa sodiamu kloraidi bila hesabu yo yote. Na vitu vichache vilivyojulikana tangu zamani, kama maji na amonia, vimeachiwa majina yao.

Baada ya hayo, turudi chumbani kwenye jiko. Makaa karibu yote ni kaboni. Moto upatapo hewa ya kutosha, kila atomu ya kaboni hupata oksijeni mbili, hushirikiana jozi mbili na kila moja, na wote hutosheka. Hiyo ndiyo kaboni dioksaidi, CO₂. Lakini katikati ya makaa yaliyorundikana, na zaidi katika chumba kilichofungwa, oksijeni haitoshi. Hapo kaboni hupata oksijeni moja tu, nayo ni kaboni monoksaidi, CO. Atomu hizi mbili hushirikiana jozi tatu, na jozi moja kati ya hizo hutolewa na oksijeni peke yake, kama jirani mkarimu aletaye ng'ombe wote wawili. Ndimi ndogo za buluu tuzionazo juu ya makaa ni hewa hiyo ikipata oksijeni na kuungua. Ile isiyoungua hutoka na kuenea chumbani.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na mtu hawezi kuitambua. Ikivutwa, huingia katika damu na kushika mahali panapobeba oksijeni. Hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, hata damu ikakosa nafasi ya kupeleka uhai kwenye ubongo na moyo. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, viungo hulegea, kisha usingizi humchukua. Watu wengine hudhani ni malaria imeanza, wakajifunika blanketi na kulala, na asubuhi hawakuamka.

Basi tuyashike haya. Jiko la makaa lisilazwe chumbani walalamo watu, hata kama moshi umekwisha na makaa yamekuwa mekundu, kwa maana kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama. Mtu asidhani kwamba karai la maji kando ya jiko litaondoa sumu hiyo, kwa sababu haiyeyuki katika maji ila kidogo sana. Mkiota moto ndani, mlango na dirisha viachwe wazi, na jiko litolewe nje kabla ya kulala. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, na wakipata nafuu watokapo nje, jueni kwamba ni hewa hiyo. Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi bila wewe mwenyewe kukawia ndani, kisha apelekwe hospitali apewe oksijeni.

Mtoto akirudi kutoka shuleni akiimba mono, di, tri, asichekwe kwamba anasoma maneno ya bure. Mwulize ni ipi kati ya hewa mbili za jiko iliyo na oksijeni moja. Akijibu sawasawa, mtume alitoe jiko nje, kisha mlale salama.