Regeksi: Kupunguza Maneno kwa Ruwaza

Regeksi ni ruwaza fupi inayoieleza kompyuta umbo la maandishi yanayotafutwa. Utafutaji wa kawaida hulenga neno lilelile lililoandikwa. Regeksi hulenga chochote kinacholingana na maelezo, kama vile mabano pamoja na yaliyomo ndani yake. Kinachopatikana kikibadilishwa kwa maandishi matupu, huwa kimefutwa.

Msingi wake uliwekwa na mwanahisabati Mmarekani, Stephen Kleene, katika miaka ya 1950. Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuutumia kutafuta maneno kwa kompyuta. Leo regeksi imo katika lugha za programu kama Python na JavaScript, na pia katika LibreOffice.

Alama chache hutosha kwa kazi nyingi. Alama ^ ni mwanzo wa maandishi, $ ni mwisho, \s ni nafasi tupu, + ni "moja au zaidi", * ni "sifuri au zaidi", na | ni "au". Kwa hiyo ^\s+ hufuta nafasi za mwanzoni, na \s+$ za mwishoni. Katika orodha ya majina, ^(Bw|Bi|Dkt)\.\s+ huondoa vyeo, na "Dkt. Salma" hubaki "Salma". Mkwaju wa nyuma kabla ya nukta ni wa lazima, kwa kuwa nukta peke yake husimamia herufi yoyote.

Kufuta neno la katikati kunahitaji uangalifu zaidi. Ukifuta "na" katika "Asha na Juma wanasoma", kitenzi nacho huguswa na kuwa "wasoma". Dawa ni \b, mpaka wa neno: \bna\s+ huacha "Asha Juma wanasoma".

Tatizo jingine ni ulafi. Katika "Asha (Pemba) na Juma (Lamu) wamefika", ruwaza \s*\(.*\) huanzia bano la kwanza hadi la mwisho kabisa, na kinachosalia ni "Asha wamefika". Alama ya kuuliza ikiongezwa, \s*\(.*?\), kila jozi ya mabano hufutwa peke yake, na Juma hubaki mahali pake.

Maandishi ya Kiswahili yana mtego wake: ng'. Alama \w husimamia herufi, tarakimu na mstari wa chini, lakini ritifaa haimo. Ndiyo maana ^\w+\s+, inayokusudiwa kufuta neno la kwanza, haifuti kitu katika "Ng'ombe wamerudi", kwani hukwama baada ya "Ng". Hapo hufaa \S, yaani chochote kisicho nafasi tupu: ^\S+\s+ huacha "wamerudi".

Kwa kuwa ruwaza moja inaweza kugusa maelfu ya mistari kwa mara moja, hutumiwa kwanza kutafuta tu. Yaliyonaswa yakishakaguliwa, ndipo ufutaji hufanywa, tena kwenye nakala.