Kijana wa pikipiki, umeme wa telefoni yako unatoka wapi?

Watu wa Panda hawahitaji kufundishwa kwamba umeme una nguvu. Hapa kwetu Union Minière, na baada yake Gécamines, waliyeyusha madini kwa tanuru za umeme. Wazee waliofanya kazi pale wanajua sheria moja: kila mashini ina kipimo chake, na anayezidisha kipimo anaharibu mashini, pengine na mtu pia. Leo wengi wa watoto wao wanatafuta chakula kwa pikipiki, na sheria ile ile imewafuata mpaka kwenye usukani.

Zamani mwenye pikipiki aliuliza njia kwa kinywa. Siku hizi anafunga telefoni mbele yake, nayo inamwonyesha njia ya Kambove au avenue asiyoijua kule Kikula. Ni jambo zuri. Lakini saa tisa mchana telefoni inazima. Mteja anaita, hapati mtu. Nyumbani nako umeme umekatika. Ndipo kijana anakwenda kwa fundi wa kando ya barabara: « Yaya, uniungie waya ku batri. » Fundi anajibu: « Hakuna neno, tutaunga tu. »

Neno lipo, ndugu zangu. Tulieleze.

Telefoni inajuaje njia?

Juu yetu, karibu kilometa 20,200, zinazunguka satelaiti za GPS. Telefoni inasikiliza ishara za satelaiti 4 au zaidi, inapiga hesabu, inajua iko wapi. Kwa kusikiliza huko haihitaji yuniti. Ila ramani ni lazima uipakue mbele, ukiwa mahali penye mtandao. Kinachokula batri ni hasa kioo kinachowaka kutwa chini ya jua, pamoja na hesabu zisizopumzika.

Volti 12 si volti 5

Batri ya pikipiki nyingi ni ya volti 12, na injini ikizunguka inaweza kupita volti 14. Chaja ya kawaida ya telefoni hutoa volti 5. Basi katikati pawe na kifaa cha kuteremsha umeme, chenye tundu la kuchomeka waya wa telefoni. Kuunga telefoni moja kwa moja ku batri ni kuiua.

Usichukue umeme kwenye waya wa taa ya mbele bila kupima. Katika baadhi ya pikipiki ndogo taa ile haipati umeme wa batri, inapata wa injini moja kwa moja, nao unapanda na kushuka kila ukivuta gesi.

Haba na haba

Telefoni inayochaji kwa volti 5 na ampea 2 inakula wati 10. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 5 ina akiba ya wati-saa 60 hivi. Ukiacha telefoni ichaji saa mbili na injini imezimwa, umekwisha kula thuluthi ya akiba. Jioni unabonyeza kuwasha, pikipiki inakohoa tu. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimwaga.

Basi shikeni hili: telefoni ile kile injini inachotengeneza, isile akiba ya batri. Injini ikizimwa, chaja nayo izime.

Mambo matatu ya kumwambia fundi

Kwanza, fyuzi, ile ambayo mafundi wetu wanaita fizible. Iwe ya ampea 3 hivi, karibu kabisa na upande wa chanya wa batri. Waya ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi itakatika. Bila fyuzi waya utawaka, na tanki ya esansi iko pale pale.

Pili, waya wa chaja upate umeme pale tu ufunguo unapofunguliwa.

Tatu, geuzeni usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kuume. Waya usivutike wala kubanwa. Tundu liwe na kifuniko, kwa sababu ya mvua zetu na vumbi letu.

Tazameni pia mtikisiko. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilionya kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera za iPhone. Kishikio chenye mpira kinasaidia.

Wazazi, mkimnunulia mtoto pikipiki, msihesabu fyuzi kuwa matumizi ya bure. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya pikipiki iliyoungua. Na wewe kijana, fundi akisema « hakuna neno », mwambie kwa heshima: « Yaya, tuweke fizible kwanza. » Asipokubali, tafuta fundi mwingine.