Salmonella: kwa nini maabara mbili zinaweza kutoa majibu mawili kuhusu dawa moja

Mgonjwa ni mmoja na damu ni ile ile. Maabara ya kwanza inaandika kwamba ciprofloxacin inafaa, ya pili inaonya kwamba dawa hiyo huenda ikashindwa. Hilo linawezekana hata kama hakuna aliyezembea kazini. Inatosha kila maabara iwe na kanuni zake.

Kipimo chenyewe, antibiogramu, ni rahisi kueleza. Bakteria waliopatikana kwenye damu hupakwa juu ya sahani yenye aga, chakula chao, kisha huwekewa vipande vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki. Kesho yake, pale dawa ilipowazuia kuota, panaonekana duara tupu. Mtaalamu hupima upana wake kwa rula na kuulinganisha na jedwali.

Makosa huingia kimya kimya. Aga ikiwa nene kupita milimita 4, duara hupungua na dawa nzuri huonekana dhaifu. Bakteria wakipakwa wachache mno, duara hupanuka na dawa isiyofaa hupewa sifa isiyo yake. Karatasi zikishika unyevu hupoteza nguvu. Sahani inatakiwa kukaa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35, na katika miji mingi ya Congo hakuna anayeweza kuuamini umeme usiku kucha.

Mwaka 1966 Bauer, Kirby, Sherris na Turck, waliofanya kazi Seattle, Marekani, walichapisha utaratibu mmoja wa kufuatwa. Leo majedwali yanayotumika zaidi ni ya CLSI ya Marekani na EUCAST ya Ulaya.

Tatizo ni kwamba majedwali hubadilika. Zamani, duara la ciprofloxacin la milimita 21 lilitosha kusema dawa inafaa. Wagonjwa wengine wa tifoide walipewa dawa hiyo na hawakupona vizuri, ndipo mwaka 2012 CLSI ikataka milimita 31 kwa Salmonella walioingia kwenye damu. Duara la milimita 25, lililopita bila swali, sasa halipiti. Maabara iliyobandika jedwali la zamani ukutani bado inaandika "inafaa". EUCAST nayo inashauri kutumia karatasi ya pefloxacin, kwa sababu ile ya ciprofloxacin haigundui kila usugu.

Kwa Congo si mjadala wa wataalamu peke yao. Salmonella kwenye damu huua watoto wadogo, hasa wenye malaria na utapiamlo. Tangu 2007, taasisi ya INRB ya Kinshasa na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, zimekuwa zikifuatilia damu za wagonjwa katika hospitali kadhaa, ikiwemo ya Kisantu, Kongo Central. Mwaka 2019 watafiti walieleza kizazi cha Salmonella Typhimurium kilichopatikana Congo ambacho hata ceftriaxone na azithromycin hazikiwezi.

Njia ya kujihakikishia ipo. Maabara hupima pia bakteria wa mfano, E. coli ATCC 25922, ambao majibu yao yanajulikana: kwa EUCAST, duara la ciprofloxacin liwe kati ya milimita 29 na 37. Likitoka nje ya hapo, majibu ya mgonjwa hayatolewi mpaka chanzo kipatikane. Jedwali la EUCAST hupatikana bure kwenye intaneti na husasishwa kila mwaka, na daktari anayepokea karatasi ya majibu ana haki ya kuuliza limetumika la mwaka gani.