Kupiga Kambi na Familia: Je, Lazima Gari la Kulala Ndani?

Kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, au ile ya Arusha kuelekea Karatu, mara kwa mara tunapishana na magari ya wageni ambayo kwa nje ni kama basi dogo, lakini kwa ndani ni nyumba. Yana vitanda, jiko la gesi, sinki, jokofu, meza ya kukunja na mapazia madirishani. Wenyewe hulala humo, hupika humo, na asubuhi huondoka na nyumba yao. Watoto wetu nao wameyaona, iwe barabarani au kwenye picha za simu. Ndipo swali linapoingia nyumbani: "Baba, na sisi tutanunua lini?"

Katika nyumba nyingine swali hilo limezaa mpango mzima. Akiba ya familia inatengwa, habari za mkopo zinaulizwa, na safari ya kwenda kupiga kambi inaahirishwa mwaka hadi mwaka kwa sababu gari halijapatikana. Wakati huohuo mtoto aliyekuwa na miaka 7 anatimiza 12, kisha 15, na ile hamu ya kulala hemani kati ya baba na mama inakwisha. Gari linaweza kungoja. Utoto haungoji. Hebu basi tulitazame jambo hili kwa utulivu, sisi ambao ndio tunaobeba bajeti ya nyumba.

KAMBI ILITANGULIA GARI

Wengi hudhani kwamba kupiga kambi kwa starehe kulianza na magari hayo. La hasha. Mwaka 1901, huko Uingereza, fundi cherehani mmoja aitwaye Thomas Hiram Holding alianzisha chama cha watu waliopiga kambi kwa kutumia baiskeli. Hema, blanketi na sufuria vyote vilifungwa kwenye baiskeli. Mwaka 1908 alitoa kitabu cha kuwafundisha wengine namna ya kufanya hivyo. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya, aliwachukua vijana wapatao 20 kwenda kulala kwenye mahema katika kisiwa cha Brownsea. Kutokana na kambi hiyo ndogo vikazaliwa vyama vya skauti duniani kote. Hapakuwa na hata gari moja la kulala ndani.

Basi dogo la Volkswagen lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikatengeneza samani za kuweka ndani yake ili watu waweze kulala. Hapa kuna jambo la kuvutia: samani hizo za kwanza ziliweza kutolewa. Siku za kazi gari lilibeba mizigo ya biashara, na siku za mapumziko likabeba familia. Kwa hiyo hata asili ya magari haya ilikuwa ni kubana matumizi, yaani kufanya chombo kimoja kitumike kwa mambo mawili.

Nasi tunaosoma Biblia tunaikumbuka Sikukuu ya Vibanda, ambapo familia za Israeli zilitoka kwenye nyumba zao na kukaa siku saba katika vibanda vya matawi. Tajiri na maskini walilala chini ya majani yaleyale.

HESABU YA SIKU

Tuchukue familia ya kawaida. Watoto wako shule, baba na mama wako kazini au dukani. Familia hiyo ikijitahidi sana itasafiri mara mbili kwa mwaka, wakati wa likizo ya katikati ya mwaka na ile ya Desemba, na kila safari italala usiku mara tatu. Jumla ni usiku 6. Usiku mwingine 359 gari hilo limeegeshwa. Lakini bima yake hailali, matairi yake yanazeeka juani, na kama lilinunuliwa kwa mkopo, riba nayo haiendi likizo.

Hema la watu wanne au watano halidai kitu likiwa kwenye kabati. Likitunzwa vizuri, likakaushwa kabla ya kukunjwa ili lisiote ukungu, litahudumia familia kwa miaka mingi. Usafiri unaweza kuwa gari dogo la nyumbani, basi la abiria, au gari la kukodi ambalo familia mbili au tatu zimechangia. Wahenga walisema, jikune ujipatapo.

NI NINI HASA KINACHOLETA RAHA?

Tukiuliza ni kitu gani huharibu safari ya kambi, majibu ni machache na yanajulikana: baridi ya usiku, kulowa, njaa, kuumwa, na haraka. Hakuna hata moja ambalo dawa yake pekee ni gari.

Tuanze na baridi. Watu wengi huongeza mablanketi juu, kumbe baridi kali inatoka chini, kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mwili. Tandikeni mkeka, kisha godoro la sponji, kisha blanketi la kulalia, ndipo mjifunike. Godoro la kujaza upepo ni laini, lakini ile hewa iliyomo ndani hupoa, hivyo nalo litandikiwe blanketi. Lushoto mwezi wa Juni au Julai, jambo hili moja litaamua kama watoto watataka kurudi tena au la.

Kulowa nako kuna siri yake. Turubai linalotandikwa chini ya hema lisitokeze nje ya kingo za hema. Likitokeza, litakinga mvua na kuipeleka chini yenu. Kitambaa cha juu kisigusane na kile cha ndani. Acheni dirisha wazi kidogo hata kama kuna baridi, maana pumzi za watu watano usiku kucha hugeuka matone ya maji. Msisimamishe hema kwenye mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake unavutia, wala chini ya mti wenye matawi makavu. Zaidi ya yote, chagueni majira. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu katika sehemu nyingi za nchi yetu.

Chakula kisitafutwe huko mbali wakati jikoni petu kimejaa. Chapati na maandazi vya kutoka nyumbani hukaa vizuri siku mbili. Dagaa wa kukaanga, karanga, viazi vitamu na unga wa uji havihitaji jokofu. Maji ya kunywa ambayo hamna uhakika nayo yachemke sawasawa kwa dakika 1 nzima, na kwenye milima inayozidi mita 2,000, dakika 3. Chandarua kiwemo kwenye mzigo, kwa kuwa si kila hema lina wavu mzuri, na jioni watoto wavae mikono mirefu.

KUNA MAHALI GARI HALIFIKI

Baadhi ya maeneo mazuri kuliko yote hayana nafasi ya gari. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara za magari ndani yake. Anayetaka kuuona msitu ule na maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita zipatazo 170, atatembea kwa miguu, awe amekuja kwa gari la fahari au kwa basi. Katika Usambara Mashariki kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ambako watoto wataona vinyonga, vipepeo na miti mikubwa bila kuogopa simba.

Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, inapitiwa na barabara kuu yenyewe. Huko gari linahitajika kwa ajili ya kuona wanyama, lakini si la kulala. Katika hifadhi zetu za taifa kuna kambi za umma, ambazo kwa kawaida huwa na choo na maji, na kambi maalumu, ambazo hazina huduma na huwekwa nafasi mapema. Familia inayoanza ichague kambi ya umma. Ulizeni ada kabla ya kuondoka nyumbani, na kumbukeni kwamba raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni. Msiweke chakula ndani ya hema. Nyani, tumbili na hata tembo wana pua kali. Usiku zipu ifungwe, na mtoto asitoke peke yake kwenda chooni.

JIKO LIKIMFUATA MAMA

Liko jambo jingine ambalo wanaouza magari hayo hawalisemi. Gari lenye jiko, sinki na jokofu humchukua mama kutoka jikoni kwake na kumweka katika jiko lingine, dogo zaidi, lisilo na nafasi ya mtu wa pili. Baba na watoto wako nje wanatazama machweo, mama yuko ndani anaosha vikombe. Hiyo si likizo. Ni kuhamisha zamu.

Kambi ya hema inafanya kazi zionekane na kila mtu. Maji yanachotwa mbele ya wote, kuni zinapangwa mbele ya wote. Kwa hiyo ni rahisi kuzigawa. Tunashauri kazi zigawanywe nyumbani, kabla ya safari, na ziandikwe: baba na mtoto mkubwa wasimamishe hema, wa pili ajaze madumu ya maji, mdogo ahesabu vigingi na kutunza tochi. Chakula cha jioni moja kipikwe na baba. Kama uji utakuwa na madonge, utanyweka. Mtoto wa miaka 8 aliyegonga kigingi chake mwenyewe, na asubuhi akalikuta hema bado limesimama, amepata kitu ambacho fedha hainunui.

HATARI MOJA MSIISAHAU

Liwe hema au gari, kosa moja huua. Msiingize jiko la mkaa ndani ili kupata joto, hata kama moto unaonekana umekwisha. Mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala, wasiamke. Msifungue dirisha kidogo mkadhani inatosha. Jiko likae nje, daima, na moto uzimwe kwa maji kabla ya kulala. Mkihisi baridi, jazeni maji ya moto katika chupa isiyovuja, ifungeni kwa kanga na kuiweka miguuni.

NANI BASI ANALIHITAJI?

Hatusemi kwamba magari haya ni mabaya. Bibi ambaye magoti yake hayamruhusu kuinuka kutoka chini, mtoto mwenye ulemavu anayehitaji kitanda cha juu, au mtu anayesafiri miezi mingi mfululizo, hao wana sababu ya kweli. Hata hivyo, sababu ya kweli haimaanishi kununua. Arusha, Dar es Salaam na Nairobi yako makampuni yanayokodisha magari yenye hema la kukunjua juu ya paa. Kukodi kwa siku tatu kutajibu swali la baba na kuacha akiba ya ada za shule mahali pake. Na anayeshindwa kuinuka kutoka chini anaweza pia kulala kwenye kitanda cha kukunja ndani ya hema refu.

Kama mume wako ana ndoto ya gari hilo, usimdhihaki. Mara nyingi nyuma ya ndoto hiyo kuna hamu njema ya kuwapa watoto kitu ambacho yeye hakukipata. Kaa naye, mwekee hesabu ya usiku 6 na usiku 359 mezani, kisha mpe jambo la kufanya: mwambie muanze mwezi huu.

ANZENI UANI

Kuanza si kazi kubwa. Azimeni hema kwa ndugu, kwa kikundi cha vijana cha kanisa au kwa skauti wa jirani. Jumamosi moja lisimamisheni uani kwenu, au nyumbani kwa babu na bibi kijijini, na mlale humo usiku mmoja. Mtajua zipu ipi imeharibika, nani anaogopa giza, na ni blanketi ngapi zinahitajika. Kikikosekana kitu, nyumba iko hatua kumi. Baada ya hapo nendeni usiku mmoja mahali pa karibu, kisha usiku miwili mahali pa mbali kidogo.

Andikeni katika daftari kila mlichokihitaji na kila mlichokibeba bure. Baada ya safari tatu daftari hilo litawaambia wenyewe kama mnahitaji hema kubwa zaidi, kiti cha kukunja, au kweli gari. Likizo ijayo iko karibu. Kabla haijafika, mama mpendwa, muulize mwanao mdogo swali moja tu: angependa kulala upande upi wa hema? Kisha weka tarehe.